Gunia Langu Kwenye Ramani ya Wanawake

Siku ya ramani sikukaa. Nilifagia uwanja uliokwisha kufagiwa, nikaenda kisimani na ndoo yenye maji nusu, nikarudi, kisha nikashuka tena mwaloni kuangalia kama mbao zangu zipo. Zilikuwepo. Zingekwenda wapi? Lakini mtu aliyekwisha kunyang'anywa hukagua hata alichokishika mkononi.

Mimi ni Mageni, ila watu wananiita Mama Limi kwa jina la binti yangu aliyeolewa Ushirombo. Nilizaliwa Kishapu, upande wa Songwa, karibu na mgodi wa almasi, na almasi sijaiona mpaka leo. Shule sikupelekwa. Kaka zangu walipokwenda shule, ilibidi mtu abaki na ng'ombe wa baba, na mtu huyo nilikuwa mimi. Nikaolewa na Mabula, tukahamia huku Nyang'hwale, kwenye kitongoji cha wachimbaji wadogo, mwendo mfupi wa pikipiki kutoka Kharumwa.

Mabula alishuka mashimoni. Mimi niliponda mawe na wanawake wenzangu, nyundo mkononi, mtoto mgongoni, na mchanga wangu nikauosha kwenye mialo ya watu. Mwalo ni mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu: mbao imeinamishwa, gunia limetandikwa juu yake ili dhahabu inase, na chini kuna shimo la maji. Nikachoka kusimama foleni kwa watu. Kiangazi kimoja nikaanza kuchimba shimo langu bondeni, jembe na karai. Mabula alicheka sana. Alisema namchimbia chura kaburi. Mvua zilipokuja shimo likajaa, na halijakauka tena. Ndipo wanawake wakaanza kuja kwangu kuosha, na Mabula akaacha kucheka.

Alikufa kwa kifua. Matanga yalipoisha wazee wa ukoo wakaniita, wakasema nirithiwe na mdogo wake, Nkwabi, mwenye karasha, yaani mashine ya kusagia mawe, na mwenye wake wawili tayari. Nikakataa. Hakunipiga wala hakunitukana. Alisema tu, "Sawa, shemeji. Utaosha, lakini marudio ni ya ukoo."

Marudio ni mchanga unaobaki baada ya kuosha. Bado una dhahabu ndani, na wenye mitambo ya kuchenjua huja kuununua kwa lori. Mwenye mwalo ndiye anayeuza marudio. Kwa hiyo Nkwabi alikuwa ananiambia kwamba mwalo si wangu. Tangu siku ile lori lilikuja likapakia, na mimi nikasimama pembeni kama mtu aliyekuja kuomba maji.

Basi mradi ukaja. Walikuwa wawili, Ezekiel na Loveness, binti wa mtaa wa Kambarage pale Shinyanga mjini. Walisema kuna fedha za wafadhili za kujenga banda la kuoshea, lenye tangi la maji na mashine isiyotumia zebaki, kwa ajili ya akina mama. Kabla ya kujenga wanataka kujua kijiji kilivyo. Wanaume watachora ramani yao na Ezekiel, wanawake yao na Loveness, kila kundi mahali pake.

"Shikamooni mama zangu," Loveness alisema. "Tumewatenga ili muwe huru kusema."

Ritha, anayeponda mawe karibu yangu, akauliza, "Uhuru wenyewe unaisha saa ngapi? Nimeacha maharage jikoni."

Tulicheka. Kisha tukachora, chini kwenye vumbi, bila kalamu. Barabara tukaweka jivu. Nyumba tukaweka vipande vya kinyesi cha ng'ombe kikavu. Karasha tukaweka vizibo vya soda. Tukaonyesha kisima kinachokauka, na kichaka ambacho mwanamke hapiti peke yake jua likizama. Loveness alitaka kujua kila kitu ni cha nani, nani anakitumia, nani anaamua. Philomena, yaani Mama Abel, alikata kipande cha gunia akakiweka bondeni.

"Na hapa?"

"Kwa Mama Limi," alisema. "Mwalo wake. Alichimba mwenyewe, tukimwona."

"Na marudio anauza nani?"

Wote wakaniangalia. "Anauza shemeji yangu," nikasema. Loveness akaandika, akanitazama, akaandika tena. Akatuambia kwamba kesho ramani zote mbili zitawekwa mbele ya mkutano, watu wakubaliane, kisha mahali pa banda pachaguliwe. Philomena akachaguliwa kuieleza ya kwetu.

Nilitoka pale nikapitia tena mwaloni. Sikuwahi kusikia mtu akisema kwa sauti, mbele ya mwenye kuandika, kwamba ule mwalo ni wangu. Lakini jioni nikaambiwa kwamba kwenye ramani ya wanaume, pale pale bondeni, Nkwabi ameweka jiwe na kusema mwalo ni wake kwa niaba ya ukoo. Nilimfuata Philomena kwake. Alikuwa anachambua mchicha.

"Kesho utasema ulivyosema leo?"

"Kaa basi, mayu, mama yangu. Mbona unasimama mlangoni kama mdai?"

"Utasema?"

"Abel anafanya kazi kwenye karasha ya Nkwabi. Unalijua hilo."

"Na leo ulikuwa hulijui?"

"Leo tulikuwa wanawake peke yetu." Akaendelea kuchambua. "Nitasema vizuri. Nenda kale."

Sikwenda kula. Nilipita kwa Ritha, akasema yeye yuko nyuma yangu, lakini kusema hadharani hajui. Nikapita kwa wengine. Kila mlango ulikuwa na kamba yake: mume anadaiwa na Nkwabi fedha za kusagia mawe, kaka amepewa shimo na Nkwabi, mtoto anabebwa na pikipiki ya Nkwabi kwenda kliniki. Hakuna aliyesema mwalo si wangu. Walisema tu nisiwaweke katikati. Nilizunguka mpaka mbwa wakanizoea.

Asubuhi mkutano ulijaa uwanja wa shule. Wanaume viti, sisi chini. Ezekiel alikuwa amezihamishia ramani kwenye karatasi kubwa na kuzining'iniza ukutani. Philomena akasimama na fimbo. Alieleza barabara, akaeleza kisima, kwenye kichaka akapita haraka. Alipofika bondeni fimbo ikasita.

"Hapa ni mwalo."

"Wa nani?" aliuliza Nkwabi kutoka kwenye kiti chake, anatabasamu.

"Wa," Philomena alisema, "wa familia ya Mabula."

Watu wakapiga makofi. Ezekiel akafurahi. "Kumbe ramani zinakubaliana," alisema. "Hapa ni pazuri, pana maji, pana njia. Tunaweza kupitisha."

Nilijikuta nimesimama. "Mimi sijakubaliana."

"Shemeji, kaa," Nkwabi alisema, bila hasira. "Haya ni mambo ya kijiji, hatuko mwaloni."

"Ni mwalo huo huo uliokufanya uvae shati la kanisani siku ya Jumatano."

Watu walicheka, hata wanaume. Yeye pia alicheka kidogo, kisha akageukia wazee. "Jamani, huyu tulimwoa kwa ng'ombe. Wametoka zizini kwetu, mliwaona. Mikono iliyochimba lile shimo ililipiwa. Sasa mikono ikichimba, kilichochimbwa ni cha nani?"

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Hilo neno nilikuwa nimelingoja miaka yote.

"Ng'ombe walikwenda kwa baba yangu," nikasema. "Ukame uliwamaliza Kishapu, na hatukuja kuwadai wengine. Mimi nimewazalia ukoo wenu watoto, nimemuuguza ndugu yenu, nimemzika. Deni la hao ng'ombe limekwisha. Shimo nililichimba mimi, na Mabula alinicheka. Nani hapa hakumsikia akinicheka?"

Nikamtazama Philomena. Alikuwa anaangalia ncha ya fimbo.

Loveness alikuja akaniinamia, akazungumza taratibu, lakini uwanja mzima ulisikia. "Mama, nisikilize. Mradi haujengi penye mgogoro. Ukikubali ni wa familia, banda litajengwa na wewe utaosha humo pamoja na wenzako. Ukisema ni wako na wao wanasema ni wao, itabidi niandike pana mgogoro, na banda litakwenda kijiji kingine. Unataka niandike nini?"

Ndipo wanawake waliokuwa mabubu wakapata midomo.

"Mama Limi, tufikirie na sisi."

"Zebaki inatumaliza mikono, wewe."

"Jina tu hilo. Jina linaliwa?"

Ritha alinivuta kanga. "Kaa chini," alisema. "Mwachie. Tuoshe."

Ninawajua wale wanawake. Najua nani ana vidole vinavyotetemeka kwa kushika zebaki, najua nani mimba zake zimeharibika. Banda lilikuwa halali yao. Lakini nililiona lile banda na tangi lake, na Nkwabi kiti mbele yake, lori linapakia, safari hii kwa karatasi ya mradi na sahihi ya mkutano. Leo ananinyang'anya kwa mdomo. Baada ya pale angeninyang'anya kwa muhuri, na mimi ndiye ningekuwa nimempa.

"Andika mgogoro," nikasema.

Banda likajengwa kijiji cha jirani. Nimepita nikaliona. Ni zuri, bati linang'aa. Wanawake wetu wanakwenda huko kwa miguu, mchanga kichwani, na wakipita mbele ya mlango wangu husalimiana wao kwa wao. Philomena ndiye aliyeniuma zaidi. Wengine hawakuahidi kitu.

Hata hivyo kile kilichoandikwa kilifanya kazi ambayo hawakuitarajia. Mtendaji wa kijiji alisikia neno mgogoro, akaogopa lawama, akamwambia Nkwabi asiguse marudio mpaka shauri lisikilizwe kwenye baraza la kata. Baraza limeahirisha na kuahirisha. Mara mjumbe anaumwa, mara Nkwabi amesafiri. Marudio yamekuwa kilima. Naye hauzi, nami siuzi. Nikiwa napika nainuka kwenda kuyatazama. Nikiwa kanisani nawaza lori.

Loveness alirudi mara moja. Alisema habari zangu zimo kwenye ripoti, zimesomwa mpaka ng'ambo, zimewafundisha mambo mengi.

"Wameuliza jina langu?"

"Majina hatuandiki, mama. Tunalinda usiri wenu."

"Nkwabi anajua jina langu. Mnamficha nani?"

Si binti mbaya. Alinishika mkono, akapanda pikipiki.

Masika haya mto uliofurika ulikata njia ya kwenda bandani. Niliamka nikamkuta Philomena ameketi kwenye ukingo wa shimo langu, ndoo mbili za mchanga pembeni yake, na nyuma yake wanaume na wanawake wanaponda mawe kama kawaida.

"Mwangaluka, Mama Limi."

"Mwangaluka."

"Naomba nafasi nioshe."

"Si umwombe mwenye familia?"

Akatazama chini, kama siku ile ya fimbo. "Nakuomba wewe. Mwalo ni wako."

"Wanaoponda kule hawajasikia."

Nilidhani atabeba ndoo zake aondoke. Alisimama, akafunga kanga vizuri, akageukia upande wa waponda mawe na kusema kwa sauti ambayo hata Abel kwenye karasha angeisikia, "Mama Limi, mwalo ni wako, naomba nafasi."

Nyundo zilitulia kidogo, kisha zikaendelea. Nikampa nafasi ya mwisho, ile yenye jua. Mwenyewe sikuweza kukaa. Nilizunguka shimo mpaka alipomaliza kuosha, kisha nikamwonyesha pa kumwaga marudio, juu ya kilima changu.