Kabla Mabomba ya Msanzi Hayajafukiwa

Mchana ule ngurumo zilikuwa zimeshaanza upande wa Kalambo, na hesabu yetu ya mabomba ya kijiji cha Msanzi haikuwa imefika hata nusu. Ofisini kwetu, mtaa wa Mazwi mjini Sumbawanga, tulikuwa wawili: mimi na dada mmoja wa Mbeya aliyehamishiwa huko kabla yangu. Tulikuwa tukipima kwa kompyuta kama mabomba ya mradi wa maji yangehimili msukumo kutoka chemchemi ya mlimani hadi bondeni, kila valvu ikifungwa na kufunguliwa. Tulitumia programu huria ya hisabati. Tulipoiweka, tuliziruka maktaba zake za ziada, zile zinazoharakisha hesabu kubwa. Hazikuwa za lazima, na kila moja ilitaka kukompailiwa, yaani kompyuta ikae ikigeuza maandishi ya watunzi wake kuwa kitu inachoweza kukiendesha.

Simu ikaita. Alikuwa injinia wa mradi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wananchi wako mtaroni na majembe. Kesho asubuhi tunafukia. Mnanipa jibu lini?"

"Leo," nikasema, nikijua kwa mwendo ule haitawezekana.

Nilipokata simu nikamwambia mwenzangu, "Tukompaili sasa ile maktaba moja inayohusu hesabu hii."

"Sasa? Kompyuta haiwezi kubeba yote mawili. Itabidi tuzime hesabu iliyokwenda tangu asubuhi. Na umeme ukikatika?"

"Tukiacha hivi, watafukia bila jibu."

Alitazama dirishani. "Basi tusiiguse programu inayofanya kazi. Tuinakili pembeni, tujenge kwenye nakala."

Nikakubali. Aliizima hesabu yeye mwenyewe. Mistari ikaanza kupanda kwenye skrini. Radi ikapiga, umeme ukaondoka, tukabaki na betri chakavu. Tukapunguza mwanga mpaka tukawa tunasoma kwa kuinama. Katikati kompyuta ikagoma: kuna kipande cha programu kilichokosekana. Nikakivuta kwa intaneti ya simu, tukaendelea.

Ilipokwisha, nilitaka kukimbilia hesabu ya Msanzi. Mwenzangu akanishika mkono. "Kwanza tuijaribu kwa kitu tunachokijua."

Tukaipa mradi mdogo wa zamani ambao majibu yake tulikuwa nayo. Yakalingana. Ndipo tukaipa Msanzi, na ile hesabu iliyokuwa ikitambaa ikamalizika mvua ikiwa bado inapiga bati. Valvu ya mwisho ikifungwa, msukumo wa bondeni ungezidi uwezo wa bomba. Tukaurudia mpangilio huo mmoja kwa programu ya zamani. Ikasema vilevile.

Nikapiga simu. "Mzee, upande wa bondeni msifukie. Bomba litapasuka."

"Una hakika?"

"Tumepima kwa njia mbili."

Nyuma yake nilisikia watu wakiongea Kifipa. "Hawa wametoka mbali," akasema. "Nitawaambia nini?"

Baadaye nilisikia kwamba wananchi walimsema sana, na wengine hawakurudi kuchimba. Katikati ya mteremko likajengwa tangi la kupunguza msukumo, na maji yakachelewa hadi kiangazi.

Jioni ile tulifunga ofisi bila umeme. Mwenzangu akapandisha gauni, akaingiza miguu kwenye buti.

"Maktaba zilizobaki tuzijenge Jumatatu," akasema, "wakati hakuna anayetusubiri."