Gunia la Nazi na Wakili Kondo

Mzee Likwata wa Kitomanga hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Aliwahi kulala shambani peke yake msimu ambao simba alikuwa akila watu. Kitu alichokiogopa ni karatasi. Na mwaka ule kijiji chao kilipohamishiwa barabarani, nyumba zikapangwa mstari, karatasi zikaanza kumfuata mpaka mlangoni.

Mkewe Adija alikuwa na siku arobaini na mbili kaburini. Alikuwa na uvimbe wa shingo, akaandikiwa kwenda Dar es Salaam kutazamwa. Masika yalikuwa yamekata njia, basi akapanda ndege ndogo uwanja wa Lindi, yeye na abiria wanne. Haikufika mbali. Iliangukia kwenye mikoko, mbele kidogo ya Mchinga. Hakutoka mtu akiwa hai, si abiria, si rubani.

Hayo kila mtu aliyajua. Lililobaki Likwata alilijua peke yake.

Binti yao Mboni ameolewa huko Dar. Sasa mama mtu aende kwa wakwe wa bintiye mikono mitupu? Aibu hiyo Likwata asingeiweza. Akafua nazi arobaini, akazitia guniani. Uwanjani karani alikuwa na mizani, anapima mzigo wa kila mtu na kuandika daftarini, na ukizidi unarudi nao nyumbani. Adija akapimiwa kikapu chake cha nguo. Gunia Likwata aliliacha nyuma ya ukuta. Karani alipokwenda kunywa chai, akaliburuta mpaka ndegeni.

Rubani alimtazama. "Mzee, hilo limepimwa?"

"Limepimwa, mwanangu."

Rubani akamsaidia kulisukuma ndani. Adija alikwisha kaa kitini, akamwona, akatabasamu, akafurahi kwamba hatakwenda kama mkiwa.

Neno moja. Limepimwa.

Siku ya pili baada ya hitima ya arobaini, gari likasimama mlangoni. Akashuka bwana mmoja wa makamo, wakili wa kampuni ya ndege. Akavua viatu, akatoa pole ndefu, akauliza habari za wajukuu. Kisha akafungua mkoba, akatoa karatasi na kibati cha wino.

"Mzee wangu, kampuni inakupa fedha za mkono wa pole. Weka dole gumba hapa, yamekwisha."

"Yamekwisha nini?"

"Wewe hutashitaki, sisi hatutakuita. Maana ukienda mahakamani, mzee, huko watu huulizwa." Akajisogeza karibu. "Kule mikokoni tumeokota nazi. Nyingi. Na karani hana nazi daftarini mwake. Sasa hizo zilipandaje?"

Likwata alikitazama kibati cha wino.

"Mimi sikuulizi," akasema yule bwana, akivaa viatu. "Fikiri tu. Ijumaa nitarudi."

Gari lilipoondoka, Likwata aliingia ndani, akatia komeo mchana kweupe.

Jumatano akaja Bonaventura na baiskeli yake. Mdogo wake, Valentini, mganga wa zahanati, alikuwa ndegeni humo humo, akaacha mjane, Stefania, na watoto watatu. Bonaventura na Likwata walikuwa watani wa miaka mingi.

"Hodi, mla panya! Bado unapumua?"

"Napumua, mla ngedere. Kaa."

"Sikai. Nimepata wakili. Anaitwa Kondo, mtu wa Kilwa Kivinje, huja Lindi mara moja kwa mwezi kwa kesi. Familia zote nne tumekubali, umebaki wewe. Kesho twende ukatie dole."

"Ni lazima?"

"Lazima tena! Hujasikia kampuni wanavyosema? Wanasema abiria ndio walioiangusha ndege. Wamepakia magendo. Mdogo wangu mimi, Valentini, magendo! Alikuwa na begi moja la nguo. Na shemeji yangu Adija alikuwa na kikapu. Niambie wewe, mwizi alikuwa nani pale?"

Likwata aliinama, akawa anachora chini kwa kijiti.

"We mzee unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi kesho alfajiri. Na uoge, usinitie haya mbele ya wakili."

Hakulala vizuri. Akiweka dole la Ijumaa, gunia litanyamaza, lakini lawama itawaangukia marehemu, na Valentini atazikwa mara ya pili kama mwizi. Akiweka dole kwa Kondo, ataulizwa. Na akiulizwa, wenye maiti nne watamtazama yeye. Mboni naye atajua kilichomwangusha mamaye.

Alhamisi wakapanda basi mpaka Lindi. Kondo alikuwa amepanga chumba karibu na mahakama. Koti lake lilikuwa limechakaa viwikoni, na mkono mmoja wa miwani ulikuwa umefungwa kwa uzi. Alikuwa akisikiliza watu mmoja mmoja, kwa hiyo Bonaventura akabaki nje kwenye benchi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nieleze siku ile, tangu mlipotoka nyumbani mpaka ndege iliporuka."

Likwata alitazama mlango. "Nikikueleza, utamwambia nani?"

"Simwambii mtu. Hata huyo aliye nje. Hata hakimu akiniuliza."

Akaeleza. Alieleza kidogo kidogo, kama mtu anayetoa mwiba. Alipofika kwenye neno lile, limepimwa, sauti ilikatika, akalirudia ili awe na hakika amelisema. Kisha akaeleza na habari za yule bwana wa wino.

Kondo aliweka kalamu chini.

"Rubani alipaswa kuhakikisha mwenyewe. Na kampuni ilipaswa kuwa na mtu mlangoni. Hayo nitayasema popote. Lakini kama nazi arobaini zinaweza kuangusha ndege ile, sijui. Pengine ni injini. Pengine ni gunia. Sitakudanganya, mzee."

"Basi nitie dole."

"Hapana."

Likwata alidhani hakusikia vizuri.

"Siwezi kukutetea wewe na wenzako pamoja," akasema Kondo. "Madai yao yanaweza kugeuka yakawa juu yako. Na mimi sasa nimelijua jambo ambalo siruhusiwi kulisema. Kwa hiyo wao pia itabidi niwaache. Nitawaambia nimejitoa, sababu sitasema."

"Watapata mwingine?"

"Anayefika pande hizi ni huyo aliyekuja kwako na wino. Wengine wako Dar."

Nje Bonaventura alikuwa anacheka na mtu. Likwata alivisugua viganja vyake. Stefania ana watoto watatu, mdogo bado ananyonya.

"Hakuna njia?"

"Ipo moja. Uwaambie mwenyewe. Wakishajua, hakuna siri inayonifunga, na wakiridhia nitabaki nao. Ila wewe sitakusimamia. Utaitwa shahidi, na utasimama peke yako."

"Nitafungwa?"

"Sijui, mzee."

Yule wa gari alijifanya kujua yote, na huyu amekubali kwamba hajui. Likwata akaondoka kitini.

"Haya, mla panya!" Bonaventura akasogea kumpa nafasi kwenye benchi. "Umetia dole? Hebu nione wino."

Likwata akamwonyesha dole. Lilikuwa safi.

"Umekataa?"

"Bonaventura," akasema. Hakuwahi kumwita kwa jina lake tangu wajuane. Yule mwenziwe akaacha kucheka. "Hayo magendo wanayoyasema ni nazi zangu. Nilizipakia mimi. Hazikupimwa."

Akasema yote, macho chini. Karani, chai, ukuta, na wakili kutaka kujitoa. Watu walipita na faili mikononi, hakuna aliyesimama.

"Rubani alikuuliza?" Bonaventura alisema polepole.

"Aliniuliza."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia limepimwa."

"Na Valentini alikuwa ameshapanda?"

"Ameshapanda. Alinipisha mguu nilipolisukuma."

Bonaventura akasimama. Likwata akafumba macho, akangoja ngumi, na kwa kweli aliitaka. Haikuja. Alisikia hatua, kisha mlango wa wakili.

"Wakili, usituache," sauti ya Bonaventura ilisema ndani. "Ameniambia. Wale wengine nitawaambia mimi. Andika, na gunia uliandike. Lakini mzee huyu asiketi na sisi mpaka siku atakayoitwa."

Basi la kurudi walipanda wote wawili, mmoja mbele, mmoja nyuma. Njia nzima hakuna aliyemtania mwenziwe.

Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, gari la kampuni lilipiga honi mlangoni. Likwata alikuwa ndani, amekaa kitandani upande wa Adija. Honi ikalia tena. Akainuka, komeo likamshinda mara ya kwanza. Mara ya pili likafunguka, akatoka kumwambia yule bwana aende zake na karatasi yake, dole haweki.