Salamu Nilizoleta Kutoka Chimala

Jamani, mimi kanisani huwa nafuata chai. Uji wa bweni umenichosha, na kwenye makanisa ya hapa Mbeya mjini wageni wa mara ya kwanza husimamishwa, hujitambulisha, hutoa salamu za usharika wao, kisha hupelekwa kunywa chai kwa chapati. Ndiyo maana kila Jumapili nabadilisha kanisa.

Juzi mzee wa kanisa akasema, "Wageni wetu, piteni mbele." Tukatoka wawili, mimi na baba mmoja mwenye sweta la kahawia. Nikawahi maikrofoni.

"Bwana asifiwe! Naitwa Tumaini, natokea usharika wa Chimala. Mchungaji wetu anawasalimu sana. Leo asubuhi kaniombea safari mwenyewe, mkono kichwani, mpaka machozi yakamtoka."

"Amina!" kanisa zima likaitikia. Harufu ya chapati nikaanza kuisikia.

Nikampa yule baba maikrofoni. Akanitazama kuanzia viatu hadi nywele, akanishika bega.

"Bwana asifiwe. Mimi niko likizo, ila mimi ndiye mchungaji wa Chimala. Salamu zangu mmeshazipata. Hayo machozi ndiyo nayasikia sasa hivi."