Alichokizima Saidati

Ukipanda pikipiki Gisenyi mjini ukasema unakwenda Mbugangari kwa fundi wa kutarizi, dereva hatakuuliza fundi yupi. Atakushusha mbele ya mlango wa bluu wa Saidati na kukuonyesha kwa kidevu. Ndani utamkuta mwanamke wa makamo, mfupi, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba, na sauti ya chini inayowafanya wateja wainame kidogo ili waisikie. Kanzu za maharusi, mishanana ya kujitanda ya wasimamizi wa harusi, beji za shule, vitambaa vya meza vya hoteli za ufukweni, vyote vimepita mikononi mwake. Ana binti mmoja, Nishimwe, aliyeolewa Huye, na kwa jina la huyo binti mtaa mzima humwita Mama Nishimwe.

Alianza na sindano ya mkono katika duka la vitambaa la baba yake, Mzee Byiringiro. Baadaye akapata cherehani ya kukanyaga, na baada ya miaka mingi akapata mashine ya kutarizi inayoongozwa na kompyuta: unachora ua kwenye kioo, na mashine inalishona yenyewe. Aliyemfundisha ni Fundi Kayitare wa mtaa wa Majengo. Huyu alikuwa amemzidi umri, mcheshi, mkono wazi. Hakuwahi kumtoza mtu kwa kumfundisha. Na ukimaliza kujifunza, alikupa pia programu ya kuchorea michoro, ndani ya flash, pamoja na faili dogo aliloliita ufunguo, lililoifungua programu ile bila kuinunua. "Chukua," alikuwa akisema, "mi pia nilipewa." Mafundi wengi, kutoka Goma hadi Musanze, walikuwa wakitumia programu ya Kayitare.

Laptopu ya zamani ya Saidati ilipokufa, alinunua mpya na kumwita Jado amtengenezee. Jado ni fundi wa kompyuta mwenye kibanda karibu na gare, stendi ya mabasi, na kila mwaka alikuwa akimwekea antivirasi ya kulipia. Safari hii alimaliza kazi akafunga begi lake.

"Mwaka huu sikuuzishi antivirasi, Mama," alisema kwa Kiswahili cha mpakani, kile cha "batu" badala ya "watu" na "njo" badala ya "ndio". "Hii machine imekuja na yake ndani. Inatosha."

Saidati alivaa miwani. "Yake ya nani?"

"Ya bale batu benye kutengeneza systeme yenyewe. Iko bure."

"Bure kabisa?"

"Kabisa. We iache tu iwake. Ikiomba kujirekebisha, iruhusu. Basi."

Neno hilo, bure, halikumkaa vizuri. Mzee Byiringiro alikuwa na desturi ya kumpa uzi wa bure kila anayenunua kitambaa. Saidati akiwa mtoto ndiye aliyetumwa nyuma ya duka kuuleta, naye alijua kwamba ule ulikuwa uzi uliolala miaka kwenye unyevu na kukatika baada ya kufuliwa mara mbili tatu. Wateja waliushukuru sana. Tangu wakati huo, muuzaji wa kitu kimoja akimpa kingine cha bure, Saidati hutaka kujua kimetoka rafu gani.

"Jado," alisema, "mutu anakuuzisha nyumba, halafu anakupa na mulinzi bure. Ule mulinzi analinda nani?"

Jado alicheka, kisha akaona kwamba mama hatanii. Akavuta stuli akakaa.

"Bon. Angalia hivi, Mama. Virusi ikikula ordinateri, kompyuta ya mutu, hakuna mwenye kusema jina ya virusi. Batu banasema hii systeme ni mubaya. Jina yao bo njo inachafuka. Donc banaweka kitu ya muzuri, hata kama habakujue wewe."

"Na bo banapata nini ingine?"

Jado alikuna shingo. "Banaangalia. Ikikuta faili haiijue, inaweza kuituma kule kwao baipime."

"Kule wapi?"

"Kule kwao." Alipunga mkono kuelekea ziwani, kana kwamba watu hao walikuwa ng'ambo tu ya Kivu. "Unaweza kukataza hiyo. Nikuonyeshe?"

Alionyeshwa, akakataza, ingawa Jado alimweleza kwamba hivyo ingechelewa kidogo kuvijua virusi vipya. Michoro ya shingo za kanzu ilikuwa kazi ya maisha yake, na hakutaka isafiri bila yeye. Mengine aliyakubali. Kilichomlainisha ni kwamba Jado alikuwa akipata chochote kila mwaka kwa ile ya kulipia, na leo alijinyima mwenyewe. Kama ni kudanganya, aliwaza, angedanganya upande mwingine.

Wiki hiyohiyo Jado alisafiri kwenda Rusizi kufunga kompyuta za shule. Ramadhani ilikuwa imefika nusu, na kanzu za Idi zilikuwa zimerundikana hadi kwenye kiti cha wageni. Saidati alichomeka flash ya Kayitare. Programu iliingia vizuri, lakini ufunguo ukatoweka. Pembeni ya kioo likatokea tangazo kwamba tishio limeondolewa. Akaunakili tena, ukatoweka tena. Mara ya tatu alijaribu kufanya haraka, kana kwamba angeweza kuiwahi kompyuta kabla haijageuza macho. Ikamwahi.

Akampigia simu Kayitare.

"Izime ile kitu!" Kayitare alicheka hadi akakohoa. "Inasumbua bote. Unajua sababu? Batajiri banalindana, dada. Ufunguo inafungua programu bila kulipa, njo maana habaipende. Si virusi ile."

"Uko na hakika, Fundi?"

"Mi natumia miaka yote hii. Umesikia nimezikwa?"

Akamwelekeza mahali pa kubonyeza. Saidati hakubonyeza papo hapo. Alikaa mbele ya kompyuta, mikono mapajani, mashine ikiwa imenyamaza nyuma yake. Maneno ya Kayitare yalikuwa na akili ndani yake. Kama wenye kutengeneza programu ni marafiki wa wenye kutengeneza mfumo, kwa nini wasilindane? Na kwa upande mmoja alikuwa na watu asiowajua, ambao hata Jado aliwaonyesha kwa kupunga mkono tu; kwa upande wa pili alikuwa na mtu aliyemshika mkono na kumfundisha bila kumtoza kitu, aliyekuja kukaa msibani siku zote baba yake alipofariki. Ukipimwa hivyo, uamuzi haukuwa mgumu. Akabonyeza. Ufunguo ukatulia mahali pake, programu ikafunguka, na kabla ya adhana ya magharibi shingo ya kanzu ya kwanza ilikuwa tayari.

Ile antivirasi ilikuwa na tabia ya kujiwasha yenyewe. Kila asubuhi Saidati akifungua kompyuta aliizima kwanza, kama mtu anayemsogeza paka kwenye kiti kabla ya kukaa. Idi ikafika. Baada ya swala alisimama nje ya msikiti akiwatazama wanaume wakikumbatiana, akahesabu kimoyomoyo shingo zilizokuwa zake, akaridhika.

Siku chache baadaye Umurerwa alimpigia. Huyu ni dada anayeshughulikia manunuzi katika hoteli moja ya ufukweni, mteja wake wa vitambaa vya meza.

"Mama Nishimwe, zile sampuli ulinitumia, mbona hazifunguke?"

"Sampuli gani?"

"Za mishono mupya. Kwa imeli. Nimefungua, ordinateri imekuwa nzito, sasa faili zote za bureau zimebadilika majina. Sioni hata moja."

Saidati alisimamisha mashine. "Umurerwa, mwanangu, mi sikukutumia kitu."

Kisha Umurerwa akamsomea barua yote. Ilianza kwa salamu, ikataja vitambaa vya meza na hata rangi ambayo hoteli iliagiza mara ya mwisho, na mwishoni kulikuwa na jina lake kama anavyoliandika yeye.

Hakungoja. Alivaa mtandio, akachukua pikipiki hadi hotelini. Angeweza kueleza kwa simu, lakini aliona kwamba aliyetumiwa ubaya kwa jina lake anastahili kumwona usoni. Umurerwa alimpokea kwa heshima, ila bosi wake alisimama mlangoni na hakumkaribisha ndani. Ofisi ile ilikuwa na antivirasi ya kulipia, ya bei, iliyokwisha muda wake tangu mwaka uliopita bila mtu yeyote kugundua. Bosi hakutaka kulizungumzia hilo. Alisema tu kwamba kwa sasa watatafuta fundi mwingine. Saidati alirudi kwa miguu, njia ndefu ya ufukweni, akiwa hajui aanze kumkasirikia nani.

Jado aliporudi kutoka Rusizi alikuja moja kwa moja. Saidati alimweleza yote, pamoja na ile ya kuizima kila asubuhi, bila kujitetea. Jado hakumlaumu. Aliiwasha, akaiamuru ikague kompyuta yote, wakakaa wakinywa chai huku mstari ukisogea taratibu kwenye kioo. Mwishowe yakatokea majina mawili mekundu.

"Hii ya kwanza ni ule ufunguo," Jado alisema. "Hii ya pili ilikuja nayo, ndani ya folda moja. Hii njo mwizi. Inasoma kila neno unaandika, hata mot de passe, neno la siri ya imeli. Ilijua unaandikia nani, inabaandikia kwa jina yako."

"Na ufunguo? Nao ni mwizi?"

"Ufunguo, Mama, pengine ni ufunguo tu. Pengine Fundi Kayitare alisema kweli, habaipende juu ya mambo ya kulipa. Siwezi kukuapia."

"Lakini imeyaita yote mawili jina moja. Tishio."

"Ndiyo."

Hilo lilimkaa moyoni kuliko yote. Laiti antivirasi ingekuwa imemwambia: huu ni ufunguo wa wizi mdogo ambao mabwana zangu hawaupendi, na huyu ni jambazi. Angesikiliza. Ilitumia neno moja, na yeye alichagua kuamini nusu iliyompendeza. Aliona kwamba inaweza kuwa na upendeleo kwa walioitengeneza na bado ikawa imesema kweli. Kayitare naye alimpenda kwa dhati, na bado akamletea mwizi nyumbani.

Wakaifuta ile programu na vyote viwili. Saidati alibadilisha maneno yake ya siri kwa simu, kisha akawaandikia wateja wote kwamba barua ile haikutoka kwake. Jado alimwonyesha programu nyingine ya kuchorea, nayo ya bure, iliyotengenezwa na watu wanaojitolea. Saidati alimwangalia juu ya miwani.

"Na hawa ni nani?"

Walitumia mchana mzima kwa swali hilo. Jado alimfungulia ukurasa wao, akamsomea wanaishi kwa michango ya akina nani, akamwonyesha kwamba yeyote anaweza kuikagua kazi yao. Saidati aliuliza, akarudia kuuliza, halafu akakubali kuijaribu kwa michoro midogo kwanza. Antivirasi ya bure iliachwa iwake. Hata hivyo alianza kunakili michoro yake kwenye diski ndogo isiyochomekwa siku zote, maana hakuona sababu ya kumwachia yeyote kila kitu.

Lililobaki lilikuwa zito zaidi. Alipanda pikipiki hadi Majengo.

Kayitare alisikiliza akiwa amekunja mikono. "Unasema mi nilikupa virusi?"

"Nasema tulipewa, Fundi. Wewe pia."

"Mi sina shida yoyote! Ordinateri yangu inafanya kazi."

"Na yangu ilikuwa inafanya kazi. Iwashe ile antivirasi tuangalie. Ikiwa haina kitu, nitaomba samahani mbele ya batu bote."

Alinuna muda mrefu. Kisha, kwa kuwa ni mtu mwema, akawasha. Mstari ukaanza kusogea. Kayitare alichukua kofia aliyokuwa akiishona kwa mkono, na Saidati, aliyezoea nyumba ile, akachukua nyingine kwenye kapu. Majina yale mawili yalipotokea, Kayitare aliinamia kioo akayasoma kwa sauti, herufi kwa herufi. Chini yake yakafuata mengine mengi.

"Mana yangu, Mungu wangu," alisema. Kisha akamgeukia Saidati: "Dada, nimebapa batu wangapi hii kitu?"

Hakuna aliyejua. Saidati alimwona mzee yule akishuka mabega, mtu ambaye furaha yake yote ilikuwa kutoa, akafahamu kwamba yaliyotokea hotelini yalikuwa madogo kuliko haya. Akamsogezea Kayitare simu yake.

Kayitare aliishika, akatafuta jina, akasafisha koo.

"Halo, Drocella? Ni Kayitare wa Gisenyi. Hapana, hapana, hakuna msiba, batu bote bazima. Sikiliza. Ile programu nilikupa wakati ule, umebapa na bengine? Bangapi? Bon. Usiifungue tena leo. Na ile kitu nilikuambia uizime, iwashe. Ndiyo, mi njo nilikuambia. Mi njo nakuambia tena."

Alipokata, alirudi kwenye orodha ya majina. Kisha akatafuta jina linalofuata.