Kitenge cha Kiti cha Nyuma

Gaju ndiye aliyeanzisha nyimbo katika kanisa la Wakongo lililokuwa limepanga duka la zamani la mazulia huko Kensington-Bailey, mjini Buffalo. Sauti yake haikuhitaji kipaza sauti. Alilijua hilo, na wenzake walijua kwamba analijua.

Kanisani mwanamke havai suruali. Ghalani, wanakofanya kazi, mwanamke havai sketi, maana ule mkanda wa kupitishia maboksi hauna adabu: ukishika pindo la nguo, unaondoka na mwenye nguo. Basi kila mama alikuwa na kitenge kwenye kiti cha nyuma cha gari. Zamu ikiisha, anajifunga kitenge juu ya suruali na kuingia kanisani, mtakatifu kabisa. Wazee huona miguu ya suruali ikichungulia chini, nao huamua kutazama dari. Gaju alifanya hivyo kwa miaka bila kuwaza.

Kisha Shami, binti yake wa pekee, akachaguliwa kuwa golikipa wa timu ya wasichana ya sekondari ya umma pale mtaani. Alikuwa na mikono mirefu ya marehemu baba yake, na kocha alifurahi kama mtu aliyeokota pochi. Habari zilipomfikia Mzee Athanasi, mkuu wa kamati ya kanisa, alimsubiri Gaju baada ya mazoezi ya kwaya.

"Mama Shami, nasikia mutoto anacheza mupira na kaputula mbele ya batu. Bon, wewe njo unatuanzishiaka nyimbo. Chagua: avale jipe, ao wewe utoke mu kwaya."

Gaju aliingiwa na hofu. Ng'ombe walibaki milimani Minembwe, kule Kongo, mume alizikwa kambini Burundi, nyumba yao hajui sasa analala nani. Kuimba tu ndiko ambako hakuna aliyeweza kumnyang'anya njiani, na sasa alikuwa anatishiwa kunyang'anywa na mtu anayeagana naye kwa mkono kila Jumapili. Akamshonea Shami hiyo jipe, sketi ndefu ya kuvaa juu ya kaptula. Shami alilia kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha anayolilia siku hizi, kisha akaivaa kwa sababu ni mama amesema.

Jumamosi ya mechi Gaju alikaa jukwaani na chupa yake ya chai. Mpira ukaja kwa kasi upande wa kushoto. Shami aliruka na mkono mmoja. Wa pili ulikuwa umeshika sketi isimkwaze. Mpira ukapita palepale ambapo mkono ule ungekuwa. Mashabiki wa timu ya wageni wakacheka kwa sauti. Shami hakumtazama mtu yeyote. Alikuwa anaitazama sketi.

Gaju alipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka. Hakuwakasirikia waliocheka. Alijikasirikia mwenyewe, yeye aliyemkata mtoto wake mkono kwa uzi na sindano. Wakati wa mapumziko alishuka mpaka kando ya uwanja.

"Leta hiyo jipe."

"Mama, na kwaya?"

"Leta, nakuambia!"

Kipindi cha pili Shami alidaka kwa mikono yote miwili. Walifungwa vilevile kwa bao lile moja, lakini Gaju alipiga vigelegele kila binti yake alipogusa mpira, hadi mwamuzi akageuka kumtazama. Jioni video ya Shami akidaka na kaptula ilikuwa imezunguka kwenye simu za kanisa zima, na ujumbe wa sauti wa Mzee Athanasi ukaingia: kesho asisimame na kwaya.

Jumapili asubuhi Gaju alitoka zamu moja kwa moja hadi kanisani. Kitenge kilikuwa kwenye kiti cha nyuma. Alikitazama, akafunga mlango wa gari.

Dative, mwimbaji mwenzake wa zamu hiyohiyo, alikuwa anajifunga chake kando ya gari lake. "Gaju, jifunge! Batakuona!"

"Baone."

Akaingia na suruali yake yenye vumbi la maboksi, akaketi benchi la tatu karibu na Shami. Minong'ono ikapita, naye akaiacha ipite.

Kwaya ikasimama. Kinanda kikapiga utangulizi, kikarudia, na hakuna aliyeanzisha. Mzee Athanasi akampa ishara Dative. Dative akajaribu, akapanda juu mno, sauti ikakatika.

Gaju akasimama palepale alipokuwa, akaanzisha wimbo. Aliuimba kwa hasira na kwa furaha pamoja, na kwaya ikaitikia kabla mzee hajainua mkono wa kuizuia. Shami alikuwa amesimama pia, akiimba kwa Kiswahili.

Kwenye ubeti wa pili, mbele ya watu wote, Dative alilegeza fundo la kitenge chake. Alikikunja vizuri bila kuacha kuimba, akakiweka juu ya kiti nyuma yake.