Msafara Ulioleta Mablanketi

Mama yangu hakukataa kwamba watu hufa. Alikataa tu kwamba mwanaye amekufa. Sababu anayo, na sababu hiyo ilinichosha mpaka nikawa namjibu vibaya.

Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, alikuwa motari kule Uvira, Kongo, yaani dereva wa pikipiki ya kubeba abiria. Sisi tulipokimbilia Malawi yeye alibaki, akasema atatufuata. Habari ya kifo chake ililetwa hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi, na rafiki yake wa kazi, ambaye siku hizi anaishi Chinsapo, Lilongwe, anauza viatu vya mitumba. Alikuja mwenyewe, akaketi kwenye kiti changu cha kushonea, akatueleza: mdogo wangu alipigwa risasi njiani, wakamzika harakaharaka kwa sababu vita vilikuwa vimeshafika mtaani. Mimi nilianguka chini. Mama alimwuliza jambo moja tu, akiita pikipiki moto kama tunavyoziita kwetu.

“Moto zilimusindikiza?”

“Hapana, mama. Kila mutu alikuwa anakimbia.”

“Basi haikuwa yeye.”

Kwetu motari hazikwi kimya. Wenzake wote wanatoka, taa zinawaka mchana, honi zinalia bila kukoma, matawi mabichi yamefungwa mbele na nyuma, na jeneza linapelekwa taratibu mji mzima usikie. Hata yule mkorofi aliyegombana na kila abiria, wanamsindikiza. Kwa mama, hicho ndicho kilichokuwa cheti cha kifo. Honi hazikulia, basi maiti hakuna. Akakataa kukaa matanga. Akaacha hata kanisa, kwa sababu wamama wa kwaya walikuwa wanamshika mkono wakimwambia pole. “Pole ya nini?” anawauliza.

Na huku anakonda. Nsima, ugali wa huku, haili, chai inapoa mbele yake. Niliamini, na mpaka leo naamini, kwamba kilio alichokizuia ndicho kilichokuwa kinamla, na kwamba akilia siku moja tu atapona. Nikawa namwomba Mungu amlize. Hebu fikiria, mtu kumwombea mama yake machozi!

Jumapili moja mchungaji alitangaza kwamba Jumamosi watakuja watu wa Lilongwe, wapenzi wa pikipiki na skuta za zamani. Wangeendesha pamoja mpaka kwetu kwa ajili ya msaada, walete mablanketi ya wazee wa kambi, maana baridi ilikuwa imeanza. Watu kanisani wakacheka. Aka! Mtu ana gari nyumbani, anapanda skuta ya enzi za babu yake, tena kwa hiari! Mama hakuwepo, na mimi sikumwambia. Habari za pikipiki nyumbani kwetu nilikuwa naziepuka.

Jumamosi hiyo nilikuwa kwenye cherehani mlangoni, mama yuko mkekani anachambua maharage. Tukasikia honi, kwanza mbali, upande wa barabara kuu, halafu karibu. Mama akainua kichwa. Zikatokea kwenye vumbi polepole, kwa sababu ya mashimo, taa zote zinawaka mchana kweupe. Skuta moja ilikuwa imeharibika njiani. Walikuwa wanaivuta kwa kamba, na nyuma yake wamefunga matawi mabichi, kama Wamalawi wanavyofanya chombo kikiharibika, wenye magari wajihadhari. Na katikati ya msafara kulikuwa na pikipiki kubwa nyeusi yenye kigari cha pembeni, kirefu, kimefunikwa shuka jeupe kuzuia vumbi. Mimi mwenyewe niliyekuwa najua, kwanza niliona jeneza.

Maharage yakamwagika. Mama alisimama, mikono kichwani, akatoa sauti ambayo sijapata kuisikia tangu nizaliwe.

“Mutoto wanguuu! Bamemuleta! Ni yeye, bamemuleta!”

Akakimbia pekupeku. Na hakuwa peke yake. Wanawake wa Uvira na Fizi walishatoka milangoni, wanajifunga vitenge kiunoni, wanaulizana nani amekufa. Vijana wetu wa kabaza, wanaobeba abiria kwa pikipiki hapo kona, wakavua kofia. Kosa la namna hiyo ni sisi tu tungeweza kulifanya.

Mama alikifikia kile kigari, akakilalia. Pikipiki ikasimama. Mwenyewe, mzee wa Kimalawi mwenye koti la ngozi, alivua helmeti akatabasamu. “Zikomo, mayi, zikomo kwambiri,” alisema, yaani asante sana mama, akidhani anashukuriwa. Mama alikuwa analia. Analia machozi na kamasi, anamwita mdogo wangu kwa majina yote ya utotoni, anamgombeza kwa nini alibaki, anamwambia lala baba, lala. Wanawake wakamzunguka wakaitikia. Jamani, ndicho hicho nilichokuwa nimekiomba. Matanga yake yalikuwa yamefika.

Si ningenyamaza? Lakini mimi mdomo wangu hauna breki. Niliona wageni wanapiga picha, nikaona watoto wanacheka, nikapandwa na hasira na aibu kwa pamoja. Sikutaka mama yangu awe kichekesho.

“Mama, amuka! Haba si bamotari. Ni batu ba Lilongwe, bameleta mablanketi!”

Hakunisikia. Nikalishika lile shuka, nikalivuta.

Mablanketi. Ya kijivu, yamekunjwa, yamefungwa kwa kamba. Mama akanyamaza. Akaingiza mkono, akainua moja, akainua la chini yake, akapapasa mpaka kwenye bati. Nilimshika kiuno nikingoja aanguke.

Akageuka. Uso ulikuwa umelowa, lakini macho yalikuwa yanawaka.

“Hayumo,” alisema. “Mumeona bote? Hayumo humu! Mutoto wangu iko muzima!”

Akapiga vigelegele. Yule mzee akafurahi, akapiga honi, na wenzake wote wakapiga honi, na wageni wakapiga makofi. Mama akaanza kucheza pale katikati ya vumbi, mwanamke ambaye tangu asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni. Wanawake waliokuwa wanalia naye wakaangalia chini. Akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

“Cheza na we,” aliniambia. “Si nilikuambia?”

Nikacheza.