Siku Niliyoingia Ikulu

Kazini walinituma Vienna, Austria, kwa mafunzo ya kompyuta, na siku ya mwisho nikaenda kulitazama kasri la wafalme wao wa kale. Nilivaa suti nyeusi na tai. Nimelelewa kwamba kwa mkubwa huendi ovyo ovyo, hata kama mkubwa mwenyewe alishazikwa. Wageni wengine wote walivaa kaptura na raba. Nikasimama kando ya kitanda cha mfalme, kifua mbele, nikitafuta wa kunipiga picha. Mama mmoja wa Kizungu akanijia mbio, akaniuliza choo kiko wapi. Alidhani mimi ni bawabu. Ubaya ni kwamba nilikuwa nakijua, nikamwelekeza, na wenzake wakaja kuuliza pia.

Hayo sikuyasimulia niliporudi Virginia, Amerika, ninakoishi. Nilikuwa na njaa ya sifa, nisiseme uongo. Nilitaka mtu mmoja tu aseme kwamba kijana amefika. Jumapili, baada ya ibada ya Wakenya wenzangu pale mjini Falls Church, chapati mkononi, nikatangaza kwa sauti ya kufika meza ya pili kwamba nimetoka Vienna.

“Vienna?” akasema dada mmoja anayetunza wazee, hata kutafuna hakuacha. “Si ungeni-call nikupe lift? Mi hu-work huko kila siku.”

Vienna yake ni mji wa hapo hapo Virginia, mwisho wa reli, jirani kabisa na sisi. Nikaanza kueleza mambo ya Austria, lakini meza nzima ilikuwa imeshahamia foleni za magari za Beltway, ile barabara kuu inayozunguka Washington.

Basi nikabakiwa na mama yangu, Nakuru. Nikanunua kadi ya simu, nikampigia.

“Mama, nimeingia ikulu!”

Kwetu ikulu ni ya rais, na mama alijua mwanawe anaishi karibu na Washington. Alipiga vigelegele mpaka sikio likaniuma, akamwita jirani. “Njoo usikie! Rais wa Amerika amemwita kijana wangu!”

Nilifurahi, na aibu sikuona hata kidogo. Kisha akauliza tulipikiwa nini, nami kutunga uongo wa chakula sijaweza.

“Si hiyo, Mama. Ni ya wafalme wa Ulaya.”

“Wako aje hao wafalme?”

“Walishakufa zamani.”

“Sasa nani alikukaribisha?”

“Hakuna. Nilikata tiketi.”

Nikamsikia akimwambia jirani arudi tu kwake, hakuna maneno. Nami nikaanza kujieleza: eti dari zina dhahabu, eti bustani haina mwisho. Aliniacha nimalize.

“Haya, baba,” akasema polepole. “Nyumba ya waliokufa umeiona. Kuja uone na yangu, nikiwa bado niko ndani.”